Gurudumu Lisilo na Namba

Jibini lilikuwa limeondoka, na mahali lilipokuwa palikuwa pasafi kuliko sahani ya kasisi.

Inspekta Marlys Drabek wa polisi wa kaunti aliinama mbele ya rafu katika chumba cha kukomazia jibini, wavu wa nywele kichwani, viatu vya mpira vya kuazima miguuni. Walikuwa wamemzuia mlangoni mpaka akanawa mikono na kukanyaga beseni la dawa. Amepigwa, ametukanwa, amewahi hata kung'atwa na bata wa mtuhumiwa. Lakini kuogeshwa na mlalamikaji, hilo lilikuwa jipya.

"Alama za vidole?" aliuliza.

"Hutapata," alijibu Bernadine Knutson, mkuu wa ubora wa kiwanda, ambaye ndiye aliyepiga simu polisi. "Humu hata anayechungulia tu huvaa glavu. Nimeshakagua eneo lote. Hakuna kitu."

"Asante, dada. Umenipunguzia kazi."

Mwenye kiwanda, Ruedi Aebersold, alisimama pembeni akijifuta jasho, ingawa nje theluji ilifika magotini. Alieleza kisa kwa kukatakata maneno. Gurudumu lile, yaani bonge zima la jibini la mviringo, lilitengenezwa na marehemu baba yake siku alipozaliwa Annelise, binti wa Ruedi. Ndiyo desturi yao waliyokuja nayo mababu kutoka milima ya Uswisi: mtoto akizaliwa, jibini huwekwa, siku ya harusi yake, hukatwa. Na Annelise anaolewa Jumamosi hii.

"Sasa shida nini? Si ungelipeleka tu nyumbani?"

"Laiti!" Ruedi alimnyooshea kidole mwanamume mrefu aliyevaa tai chini ya koti jeupe. "Muulize mwalimu."

Mwalimu huyo, Lyle Fontaine, alikuwa ametoka Chicago kuwafundisha wafanyakazi kuwa wakaguzi wa ndani, ili kiwanda kipate cheti cha usalama wa chakula. Jana mchana aliwapitisha wanafunzi wake chumbani humu kwa mazoezi. Wakalikuta gurudumu lisilo na namba, lisilo na tarehe wala jina.

"Chakula kisichojulikana asili yake huzuiliwa, kisha hutupwa," Lyle alisema. "Kikishazuiliwa, hakitoki hapa ila kwenda jalalani. Kikitoweka, ni kasoro kubwa. Na mkaguzi wa nje anakuja Jumatatu."

"Tukikosa cheti, mnunuzi wetu mkubwa anatukimbia, na kiwanda kinafungwa," Ruedi aliongeza. "Nikasema bora harusi ikose jibini kuliko mji mzima ukose kazi. Bernadine akalifunga utepe mwekundu. Asubuhi, halipo."

"Nani ana ufunguo?"

"Toua Vang, msimamizi wa chumba. Nimemsimamisha kazi. Lisipopatikana kabla ya Jumatatu, basi harudi. Nitamwambia nini mkaguzi? Kwamba jibini limeota miguu?"

Bernadine alikohoa, akatazama sakafu.

Marlys alimkuta Toua chumba cha kubadilishia nguo, viatu vyake vya kazi vimeshatiwa mfukoni. Watoto watatu nyumbani, miaka kumi na tano kiwandani, na kisu cha kufukuzwa kikimning'inia shingoni.

"Ulilichukua?"

"Ningelichukua, Inspekta, ningekuwa hapa nalia?"

"Wezi wengi hulia. Wengine hulia vizuri kuliko mimi kanisani. Ufunguo hulala wapi?"

"Kwenye msumari, nyuma ya mlango wa ofisi. Kila mtu anajua."

"Lo! Kufuli la nini basi? Haya, nyanyuka. Nionyeshe unavyosafisha rafu."

Toua alirudi chumba cha jibini, akanyoosha mkono moja kwa moja kwenye brashi ya buluu. Akasita. Kando yake ilining'inia brashi ya kijani, bado imelowa maji.

"Hii ya nani?"

"Si yako?"

"Mimi natumia buluu tangu nianze kazi."

Marlys alirudi kwenye rafu na kibano chake. Katika ufa wa ubao palikuwa na unywele mmoja mgumu wa brashi. Wa kijani. Akaufungia kwenye mfuko wa ushahidi huku akipiga mluzi.

Lyle alipoulizwa, alieleza kwamba rangi zilibadilishwa jana darasani: chumba hiki kimepewa kijani, buluu imehamia kwenye ufungaji. Waliobaki kiwandani wangeambiwa wiki ijayo.

"Toua alikuwa darasani?"

"Hapana. Alikuwa zamu."

"Basi mwizi wangu ni mwanafunzi wako, Mwalimu. Tena mwanafunzi hodari. Kaiba, kisha kapiga brashi ya rangi sahihi, kaitundika mahali pake. Ungempa alama ngapi?"

Lyle alimwongoza hadi darasani.

Darasa lilikuwa ukumbi wa kulia, lenye wanafunzi wanne na sinia la vipande vya jibini la kukaanga. Marlys alianza na Gus, fundi mitambo mwenye ndevu zilizofungwa wavu.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hilo swali liko wazi au limefungwa?"

"Gus, nitakufunga wewe."

"Tumefundishwa aina za maswali, na tujibu tulichoulizwa tu. Nilikuwa mahali."

"Mahali gani?"

"Baa."

"Nani alikuona?"

"Ungeuliza nani hakuniona, ingekuwa rahisi zaidi."

Kinamama wawili wa ufungaji hawakuwa bora. Mmoja alimwomba amwonyeshe utaratibu ulioandikwa wa kuhoji watu. Mwingine alitaka kujua kama Inspekta mwenyewe amepata mafunzo, na ushahidi uko wapi. Marlys alicheka mpaka akashika meza. Wahalifu sugu wa kaunti nzima hawakuwahi kumsumbua hivi, na hawa walikuwa na siku mbili tu za shule!

Bernadine, mwanafunzi wa nne, peke yake ndiye aliyejibu kila kitu upesi, hata kabla ya kuulizwa.

Marlys alitoka kwenda kuvuta hewa. Magari yalijipanga uwanjani, yote yamekauka na kung'aa, kwa kuwa katika mji huu hakuna mwenye akili anayelaza gari nje wakati wa baridi kama ana gereji. Moja tu lilivaa kofia nene ya theluji juu ya paa, na kioo chake cha mbele kilikuwa kimekwanguliwa tundu la kutosha jicho moja.

"Gari hili la nani?" alimuuliza Gus, aliyetoka kuvuta sigara.

"Bernadine. Ajabu. Gereji yake ni kubwa kuliko nyumba yangu."

Marlys alirudi ndani na Gus, akaketi mbele ya Bernadine, akajitwalia kipande cha jibini.

"Dada, gari lako limelala nje."

"Gereji imejaa."

"Imejaa nini?"

Bernadine alianza kupanga upya vipande vya jibini siniani.

"Nionyeshe," alisema Marlys taratibu.

Bernadine alivua wavu wa nywele, akaukunja vizuri kama leso. "Limo humo. Juu ya ubao safi, na kipimajoto kando. Nyuzi joto ziko sawa."

Ruedi, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliruka. "Wewe? Wewe uliyelifunga utepe kwa mkono wako?"

"Mimi ndiye mama wa ubatizo wa Annelise, Ruedi! Baba yako alinishikisha chumvi tukalipaka pamoja, mtoto analia chumba cha pili. Nilifunga utepe kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nikarudi jioni na sleji ya wajukuu, ile ya kuburutwa thelujini, kwa sababu moyo ulikataa."

"Na polisi ukawapigia wewe mwenyewe?" Marlys aliuliza.

"Utaratibu unasema bidhaa ikipotea, mkuu wa ubora aarifu polisi mara moja. Ningeuvunja vipi?"

Gus alipaliwa na jibini lake.

"Mwalimu anasema mtu asikague kazi yake mwenyewe," Marlys alisema. "Wewe umeiba, ukasafisha, ukakagua, ukaripoti. Na Toua?"

Hapo Bernadine aliukunjua tena ule wavu. "Nilidhani watamshuku Ruedi. Nani angemfunga baba kwa kuiba jibini la bintiye? Walipomtaja Toua, nikaingiwa na woga. Hilo ndilo kosa langu hasa."

Ruedi alishika kichwa. "Na Jumatatu?"

"Mwalimu," Marlys aligeuka, "jibini hili liliwahi kuuzwa? Litauzwa?"

"Hapana."

"Lina mwenyewe?"

"Annelise, nadhani."

"Basi si bidhaa ya kiwanda. Mali ya wizi ikipatikana, polisi huirudisha kwa mwenyewe. Nitampelekea leo kwa gari la serikali, king'ora nikitaka."

Lyle alifikiri, akakuna shingo. "Nitaandika kasoro ndogo: mali binafsi ilihifadhiwa mahali pasipofaa. Imeshaondolewa."

Ruedi hakungoja zaidi. Alikwenda mwenyewe chumba cha kubadilishia nguo, Bernadine nyuma yake, akauchukua mfuko wa viatu mapajani mwa Toua.

"Nilikosea, Toua. Nisamehe. Rudi kazini."

"Na mimi nilinyamaza," alisema Bernadine. "Nilipe nini?"

Toua aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka.

"Miaka yote hii nimeligeuza na kulifuta kama mtoto wangu," alisema. "Sijawahi kulionja."

Jumamosi, kabla ya bibi harusi, kabla ya kasisi, kabla hata ya Inspekta aliyekuwa amesogeza sahani yake karibu mno, kipande cha kwanza kilikatwa na Bernadine na kupelekwa meza ya akina Vang. Ukumbi mzima ulimgeukia. Toua alitafuna, akafumba macho, akatafuna tena.

"Haya, sema basi!" Ruedi alipiga kelele.

"Subiri kidogo, bosi," Toua alisema. "Bado nakagua."