Mfereji na Nyama ya Bega

Tuda alisikia maji kabla hajafumbua macho. Yalipita chini ya ukuta wa jiko, yakinong'ona kama wanawake wawili wanaosengenya. Alitulia kimya ili asiyatishe. Kisha akafumbua macho, na sauti ikaisha.

Maji hayakuwapo. Mfereji ulikuwa mkavu tangu siku ya mafuriko. Ni masikio yake tu yaliyokuwa bado yanaota.

Aliinuka, akakanda unga wa shayiri, akawasha tanuri. Nje, ukungu ulikuwa umelala bondeni. Nyumba za ng'ambo zilionekana kama zinaelea. Akamfunga punda madumu, akashuka naye mtoni.

Zamani hakuwa na haja ya kushuka. Maji yalikuja yenyewe. Yalitoka juu kwenye theluji, yakaingia mfereji wa mawe, yakazunguka tumbo la mlima kama mshipi. Yaligusa shamba moja, kisha jingine, kisha jingine. Shamba la Tuda lilikuwa la mwisho. Lilikuwa na mitufaha mitatu, aliyoipanda marehemu mama yake.

Sasa majani ya mitufaha yalikuwa yamejikunja kama vidole vya mtu aliyelala. Tuda aliimwagia maji ya dumu, huku akisema nayo.

"Vumilieni. Bihi ameshasema na mtu."

Bihi ni mumewe. Alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe, na pia mjumbe wa kijiji cha Aguni katika baraza la tarafa. Zaidi ya hayo, alikuwa mtunzaji wa bakuli la zamu. Bakuli hilo ni la shaba, na lina tundu dogo chini. Ukiliweka juu ya maji ya beseni linaelea. Maji huingia polepole kwa tundu, mpaka linazama. Likizama, zamu ya shamba moja imekwisha, na maji yanafunguliwa kwenda shamba la pili. Ndivyo watu wa Aguni walivyogawana maji tangu enzi za mababu, na hawakupigana.

Sasa bakuli lilining'inia ukutani. Buibui alikuwa ameanza kulizoea.

"Dada Tuda! Mbona unaongea na miti? Shemeji siku hizi hakuongeleshi?"

Alikuwa Ijja, binti wa jirani yao, Bi Rqiya. Ijja alifanya kazi mjini, katika ofisi ya ujenzi ya baraza. Kila Ijumaa alikuja kumwona mama yake.

"Huyo anaongea zaidi na mbuzi," Tuda akasema. "Lakini karibuni mimi na punda huyu tutapumzika. Bwana Mfeddal anatujengea mfereji."

Ijja akaacha kutafuna mkate aliokuwa nao mkononi. "Kwa mkataba upi?"

"Mkataba wa nini? Alikula bega la kondoo, mwenzangu! Bihi alimkatia mwenyewe. Akasema mbele ya watu wote, 'Wewe ndiye uliyetufungulia njia, na mfereji ni wako.'"

"Mungu wangu," Ijja akasema. "Mfereji mzima kwa bega moja?"

"Kondoo alikuwa mnono."

Wakacheka wote wawili. Lakini Ijja aliacha kucheka mapema.

Tuda aliikumbuka siku ile ya kufunguliwa njia. Mafuriko yalikuwa yamefukia barabara. Kijiji kilikuwa kimefungwa kama chupa, na ndani yake mtoto wa jirani mwingine alikuwa anachemka kwa homa. Kisha tingatinga la njano likatokea ndani ya vumbi, kama mnyama wa hadithini. Aliyeliendesha alikuwa Mfeddal, mkandarasi wa barabara. Mtoto akapelekwa hospitali, akapona. Je, mtu kama huyo unamnyima nini?

"Siku ile nani alitangaza kazi?" Tuda akauliza. "Aliitwa tu, akaja."

"Na ilikuwa halali," Ijja akajibu. "Mtoto wa homa huwezi kumwambia asubiri tufungue bahasha za zabuni. Sheria inalijua hilo. Kwenye dharura, baraza linaruhusiwa kumwita aliye karibu mwenye mashine. Lakini hata hapo tunaandika: kazi ni hii, inaishia hapa. Na inapimwa kabla ya kulipwa. Barabara ilipopitika, ruhusa ile ikaisha. Haipandi mlimani kwenda kwenye mfereji."

"Kwa hiyo mfereji?"

"Mfereji ni kujenga upya. Hiyo ni kazi ya kukaa miaka. Lazima uchorwe, utangazwe, kila anayeweza aombe. Bahasha zifunguliwe mbele ya watu."

"Na tukimwachia Mfeddal tu?"

"Fedha zinatoka mfuko wa maafa wa serikali. Wakaguzi watakuja kuuliza: mlitangaza wapi? Nani mwingine aliomba? Mkiwajibu kwamba alikula kondoo, watafunga mkoba na kuondoka. Kuna bonde moja kule chini, daraja lao lina mguu mmoja mpaka leo. Mbuzi wanapanda juu yake kutazama dunia."

Tuda hakucheka. Ijja akamtazama kidogo, kisha akauliza kwa upole, "Mfeddal amesema mfereji utapita wapi?"

"Atamwaga saruji, unyooke kando ya barabara. Anasema ndiyo kazi anayoijua."

"Na shamba lako liko juu ya barabara au chini?"

Tuda akageuka. Barabara ilikuwa chini kule, nyembamba kama uzi. Mitufaha yake ilikuwa juu. Maji hayapandi. Alihisi kama mtu aliyeota yuko nyumbani, kisha akaamka njiani.

"Hakuna aliyeuliza," akasema taratibu.

"Kwa sababu hakuna mchoro. Mchoro ndio unaouliza."

"Lakini hayo ya kutangaza yatachukua muda, mdogo wangu. Miti yangu itakuwa imekufa. Huo nao si moto wa kuzimwa haraka?"

"Ni moto," Ijja akakubali. "Kuleta maji kwa bomba la muda, ili mashamba yasife, hiyo bado ni dharura. Kijiji kipeleke ombi leo. Lakini bomba la muda ni bomba la muda. Lisije likageuka mfereji kwa mlango wa nyuma."

Wakaenda pamoja kwa Bihi. Walimkuta anakunywa chai ya nanaa kizingitini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka glasi chini kwa kishindo.

"Ahadi ni deni! Mnataka nitembee sokoni watu waseme, yule pale, anayelamba matapishi yake?"

"Shemeji, hakuna anayetaka hivyo," Ijja akasema.

"Mafuriko mengine yakija, nani atatufungulia njia? Wewe na kalamu yako?" Akafikiri kidogo. Uso ukamlainika. "Basi tufanye hivi. Tuikate kazi vipande vidogo vidogo. Kila kipande kiwe kidogo kiasi cha kutohitaji kutangazwa. Vyote apewe Mfeddal. Mambo kwisha."

"Ujanja huo wakaguzi waliujua kabla hujaota ndevu," Ijja akasema. " Kukata kazi ili ukwepe zabuni ni kosa lenyewe, tena kubwa."

Tuda alikuwa analitazama bakuli lililoning'inia kando ya dirisha. Jua la mchana lilipita kwenye lile tundu dogo na kuweka nukta ya mwanga sakafuni, na nukta ilikuwa inatembea polepole sana. Tuda akaenda, akamfukuza buibui, akaliweka bakuli magotini kwa mumewe.

"Marehemu baba yako alipokuwa mtunzaji, shamba lake lilikuwa la ngapi?"

"La kati. Unajua."

"Zamu ya shamba lake mwenyewe ikifika, bakuli alilitazama nani?"

Bihi akaupapasa ukingo wa bakuli.

"Nilikuwa mwali mpya hapa," Tuda akaendelea. "Nilimwona kila mara. Akimwita jirani. 'Njoo unishikie bakuli, zamu ni yangu.' Hata mvua ikinyesha. Hata zamu ya dada yake. Nilidhani anachoka."

"Hakuchoka," Bihi akasema chini chini. "Alifanya ili watu wasiwe na neno."

"Alikuwa mwizi?"

"Baba? Mwizi?" Bihi akataka kusimama.

"Hakuwa mwizi. Na bado alilitoa bakuli mikononi mwake."

Bihi akaligeuza bakuli. Akachungulia kwa tundu, kama mtoto. Akaona kipande cha anga, na tai mmoja akipita.

"Kwa hiyo na mimi nilitoe," akasema.

"Uwaambie barazani kwamba ulitoa ahadi," Ijja akamwambia. "Wakati wa kuamua, utoke nje. Na kazi hii usiiombe wala usilipwe humo, kwa sababu wewe ni mjumbe."

"Hata kuweka mawe? Mimi fundi mawe?"

"Hata jiwe moja la malipo, shemeji."

Hapo ndipo palipomuuma. Aliitazama mikono yake. Lakini aliinuka, akavaa joho lake la sufu, akashuka barabarani. Tuda akamfuata na mkate wa moto ndani ya kitambaa.

Mfeddal alikuwa anapaka tingatinga mafuta. Bihi akamweleza yote, akiwa amesimama, bila kuzungukazunguka. Mfeddal akafuta mikono taratibu.

"Kwa hiyo yule kondoo nilimla bure?"

"Ulimla bure, bwana. Mgeni hula bure. Angelipa, angekuwa mteja."

Mfeddal akamtazama kwa jicho kali. Kisha kicheko kikamponyoka. "Nyinyi watu wa mlimani! Haya. Nitaomba kama wengine. Na nitawashinda."

"Karibu," Bihi akasema. Tuda akampa mkate. Mkate wa njiani haumfungi mtu.

Mambo yakaanza kwenda. Bomba jeusi la muda likaletwa. Maji yake yalikuwa membamba kama mkia wa panya, lakini yalifika. Mhandisi wa baraza akaufuata kwa miguu mfereji wote wa zamani, na wanawake wakamwonyesha kila mlango wa maji. Yote ikaingia kwenye mchoro, hata mlango wa shamba la mwisho. Tangazo likabandikwa penye ofisi, sokoni, na ukutani kwa msikiti. Lilisema wazi kwamba watu wa mabonde yaliyopigwa na mafuriko wataangaliwa kwanza, kama ujuzi na bei yao vinafaa. Jambo hilo liliandikwa kabla ya bahasha kuja, si baada.

Mafundi mawe wa Aguni walimkimbilia Ijja. "Tusaidie kuandika, binti yetu!"

"Siwezi, wajomba. Siku ya kufungua bahasha nitakuwa mezani. Kwanza mkajiandikishe ushirika wenu kwa ofisa wa vyama. Atawaelekeza bila upendeleo."

"Umekuwa mgumu kama mama yako!" wakalalamika. Lakini walikwenda.

Barazani, Bihi aliungama ahadi yake, kisha akatoka nje. Alikaa kwenye kibaraza, akihesabu njiwa. Siku nyingine bahasha zikafunguliwa mbele ya wote, bei zikasomwa kwa sauti. Ushirika wa mafundi mawe ukapata kazi. Mfeddal akawa wa pili. Hakufurahi, lakini alikuwa amesikia kwa masikio yake mwenyewe, na hakuwa na la kudai. Malipo yake ya barabara alikwisha kuyapata, kwa sababu ile kazi iliandikwa na kupimwa.

Katika majira yote ya kujenga, Bihi alikaa juu ya ukuta akitazama wenzake wakichonga. Vidole vilimwasha.

"Mjumbe!" wakamtania. "Umekuwa mkaguzi wa jua?"

"Lile jiwe limepinda," naye akajibu.

"Shuka ulinyooshe!"

Hakushuka.

Mtufaha mmoja haukungoja. Ulikauka, licha ya bomba. Tuda aliukata mwenyewe, akaweka kuni zake mbali na nyingine. Miwili ilibaki.

Kisha siku moja, mchana, watu wakiwa wamelala ndani kwa joto, maji yakaja. Yalikuja na majani makavu na mchanga na harufu ya theluji. Yalizunguka tumbo la mlima kwa njia yake ya zamani. Kijiji kizima kikatoka. Bakuli likaelea kwenye beseni, likazama, likaelea tena, shamba kwa shamba. Zamu ya mwisho ilipofika, Bihi akaliinua.

"Bi Rqiya, njoo unishikie. Zamu ni ya mke wangu."

Tuda akafungua mlango wa maji, akalala chini ya mitufaha miwili. Akafumba macho. Maji yalipita karibu na sikio lake, yakinong'ona. Aliogopa kufumbua. Alijua huwa yanakwenda wapi akifumbua.

Akafumbua.

Maji yalikuwa bado yanasema. Aliyaacha yaseme. Anga ilikuwa ndani yake, na tawi, na uso wake mwenyewe ukitikisika.

"Tuda! Bakuli limezama!" Bi Rqiya akapiga kelele kutoka juu.

"Niache kidogo tu, jirani!"

"Ningekuacha, mwanangu, lakini hujanikatia bega!"

Tuda akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akainuka, nguo zikichuruzika, akafunga mlango wa maji kwa mikono yake mwenyewe.