Mguu wa Kushoto wa Fabiola

Kila asubuhi, kabla jua halijafika mtaa wa Bagira mjini Bukavu, Fabiola aliamshwa na nguruwe. Alikuwa nguruwe jike mnene, mwenye sikio moja lililochanika, na njaa yake haikujua Jumapili wala Kwaresima. Fabiola, msichana wa miaka kumi na miwili, alichukua ndoo ya makapi ya kiwanda cha bia, akateremka hadi kwenye banda nyuma ya nyumba, akamwaga chakula na kufagia. Kisha alioga, akavaa sare yake ya shule na kunywa uji wa mtama.

Kwenye mlango wa jikoni palikuwa na mabuti meusi ya mpira. Mama yake, Maman Mireille, aliyaleta kutoka soko la Kadutu baada ya Noeli, akasema wazi: "Usikanyage mule bandani bila mabuti. Muna funza."

"Ndiyo, maman," Fabiola alijibu, na kweli aliyajaribu siku ile ile. Yalimbana vidole. Isitoshe, aliona yanamfanya afanane na mlinzi wa ghala. Basi akabuni hila. Aliingia bandani pekupeku, na alipomaliza kazi alichota tope kwa kijiti, akayapaka mabuti yale vizuri mpaka kwenye vifundo. Mama alipopita na kuyaona yamechafuka, aliridhika. Jamani, mtoto huyu alikuwa na kazi mbili kila asubuhi: kusafisha banda na kuchafua mabuti. Angeyavaa tu, angepata muda wa kumaliza uji wake.

Shuleni Kwaresima ilikuwa imeshika kasi. Kila Ijumaa baada ya masomo wanafunzi walifanya Njia ya Msalaba kuzunguka uwanja, na kila Jumatano walileta kikombe cha maharage kwa ajili ya wagonjwa. Wiki moja kabla ya Jumapili ya Matawi, Mwalimu Apollinaire wa darasa la sita aliingia na karatasi mkononi.

"Mnajua kwamba Alhamisi Kuu Padri huosha miguu ya watu kumi na wawili, kama Yesu alivyowaosha mitume wake," alisema. "Mwaka huu parokia imeomba watu hao watoke katika shule yetu. Tumechagua wenye bidii, si wenye kelele. Chris, acha kuinua mkono, wewe haumo."

Darasa lilicheka. Chris, aliyekaa dawati moja na Fabiola, naye alicheka. Mwalimu akasoma majina, na jina la saba likawa la Fabiola.

Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa umejua. Maman Mireille aliwaambia wauza mkaa, akawaambia akina mama wa kwaya, kisha akapiga simu kijijini Miti kwa mama yake mzazi, Koko Cibalonza. Koko alikuwa na nyonga mbovu, na hakuwa amefika Bukavu kwa miaka miwili. Lakini aliposikia habari hiyo alisema, "Ntakuja. Hata nikibebwa, ntakuja nimuone huyu mutoto."

Watoto waliochaguliwa walianza kusugua miguu. Ndivyo ilivyo kila mwaka kwa wenye bahati hiyo. Jiwe la kusugulia, sabuni, mafuta ya mawese, kisha sabuni tena. Miguu hufika mbele ya Padri ikiwa safi kuliko mikono ya Padri mwenyewe. Akina mama hawataki aibu kanisani.

Fabiola pia alisugua, lakini alisugua mguu wa kulia tu. Wa kushoto ulikuwa na siri.

Kwanza kidole gumba kilikuwa kimewasha, mwasho mtamu wa kumfanya akikune ukutani. Baadaye kikatokea kidoa cheupe chenye nukta nyeusi katikati. Fabiola alijua kabisa kwamba ni funza. Alichukua pini ya nywele, akachokora, akatoa nusu, nusu ikabaki. Baada ya siku chache kidole kilivimba na kuanza kutoa usaha. Mama alipomuuliza mbona anachechemea, alijibu, "Nimejikwaa kwenye jiwe." Angesema nini kingine? Kumtaja funza kulikuwa sawa na kuyataja mabuti.

Akatafuta faraja kwa Chris, aliyekuwa mtumishi wa altare.

"Chris, Padri huosha miguu yote miwili?"

"Mmoja tu, wa kulia. Mwaka jana mimi ndiye niliyeshika taulo."

Fabiola alishusha pumzi. Kumbe mambo yalikuwa rahisi! Atavua kiatu cha kulia, atabaki na cha kushoto, na baada ya Pasaka atautafutia mguu wake dawa.

Jumatano ya Wiki Kuu, shule ilipofungwa adhuhuri, wale kumi na wawili waliitwa kanisani kufanya mazoezi. Asubuhi hiyo Fabiola alikuwa amegundua jambo jipya: mtoki ulikuwa umetokea kinenani, juu ya paja lake la kushoto, mgumu, unauma kila akipiga hatua. Alikaa kwenye kiti chake cha saba akijitahidi kutabasamu. Chris alikuwepo pia kusaidia kupanga viti.

Padri Télesphore alikuja akiwa amekunja mikono ya shati. "Sikilizeni," alisema. "Mwaka jana niliosha mguu mmoja mmoja. Baada ya Misa muzee mmoja akaniuliza, 'Padri, ule mwingine ulimwachia nani?' Nikakosa jibu. Kwa hiyo kesho ni yote miwili. Viatu vyote viwili chini ya kiti."

Watoto walicheka. Fabiola aliirudisha miguu yake chini ya kiti. Aliona kanisa lote mbele yake: mama yake katika kitenge kipya, kwaya nzima, Koko aliyekuwa njiani kutoka Miti, na kidole kile katikati ya wote. Akafikiria kusema ana homa. Lakini homa ingempeleka kituo cha afya, na huko wangemvua viatu. Akafikiria kujificha kwa jirani, lakini nani angempokea Koko? Kila mlango aliousukuma katika mawazo yake ulikuwa umefungwa. Zaidi ya hayo, mguu uliuma. Uliuma kweli, na aliogopa.

Wenzake walipotoka, yeye alibaki. Padri alikuwa akifunika beseni la kesho kwa kitambaa.

"Padri, jina langu liondolewe."

"Kwa nini? Umegombana na nani?"

"Hapana. Mguu wangu uko na kidonda."

"Nionyeshe."

"Unanuka, Padri."

"Mimi nimekulia Kabare, nyumba moja na nguruwe. Vua kiatu."

Fabiola alivua kiatu, kisha soksi, polepole kwa sababu ilikuwa imegandia. Padri aliutazama mguu bila kukunja uso. Kisha akamgeukia Chris aliyekuwa bado na kiti mikononi, mdomo wazi. "Kimbia kituo cha afya, mwite Sista Laurette. Mwambie aje na vifaa vyake, na usimsimulie mtu mwingine njiani."

Chris alipotoka mbio, Padri aliondoa kitambaa juu ya beseni. Alimimina maji, akafungua sabuni mpya iliyokuwa imetayarishwa kwa ajili ya Alhamisi, akapiga magoti kwenye saruji na kuushika mguu wa kushoto wa Fabiola.

"Una muda gani hivi?"

"Wiki tatu."

"Mama anajua?"

"Hapana. Anadhani ninavaa mabuti." Hapo Fabiola akashindwa kujizuia. Alieleza yote, tope, kijiti, pini, jiwe ambalo halikuwepo, na mpango wa kuvua kiatu cha kulia tu, huku machozi yakidondokea sare. Alilia zaidi kwa aibu kuliko kwa maumivu. Padri aliosha polepole kuzunguka kidonda, akisikiliza. Habari ya kupaka mabuti tope ilipofika, aliinamisha kichwa zaidi, na mabega yake yakatikisika kidogo.

"Unacheka, Padri?"

"Ninaosha," alijibu Padri.

Sista Laurette, muuguzi wa kituo cha afya cha parokia, hakucheka hata kidogo. Alitoa funza watatu kwa sindano safi, akasafisha usaha, akafunga bandeji, akamdunga sindano ya kuzuia pepopunda. Kisha akavua miwani. "Binti, ungengoja mpaka baada ya Pasaka, tungekuwa tunazungumza habari ya kukikata hiki kidole. Umenisikia? Na kesho mguu huu usiguse maji."

Ndivyo Fabiola alivyokosa kiti chake. Padri alimtazama Chris. "Wewe utakaa cha saba."

"Mimi?" Chris alitazama miguu yake mwenyewe, iliyokuwa imeshinda siku nzima ndani ya kandambili kwenye vumbi. "Padri, kesho saa ngapi?"

Sista Laurette alimsindikiza Fabiola nyumbani. Koko Cibalonza alikuwa amekwisha fika; alikaa sebuleni, nyonga yake mbovu ameiegemeza kwenye mto, na miguuni pake kikapu cha maparachichi. Fabiola aliambiwa aeleze mwenyewe, naye akaeleza. Safari hii hakuacha kitu.

Maman Mireille alisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda mlangoni mwa jikoni, akarudi na mabuti, akatia mkono ndani ya moja mpaka kwenye ncha. Akatoa donge la karatasi. Akatia mkono ndani ya la pili, akatoa donge lingine. Ni zile karatasi za dukani, zinazotiwa ili viatu visipoteze umbo.

"Ulisema yanabana?" aliuliza.

Fabiola aliyatazama madonge yale mawili. Miezi yote hiyo! Alitamani sakafu ifunguke.

"Mimi nikipita pale kila siku nilikuwa nasema moyoni, mtoto wangu ananisikia," mama alisema. "Kumbe nilikuwa nayasifu mabuti." Akaenda jikoni. Maneno hayo yalimuuma Fabiola kuliko sindano ya Sista.

Koko naye alitikisa kichwa. "Nimepanda gari toka Miti, na nyonga hii, ju ya kuona huyu mutoto akioshwa. Haya. Nitaona watoto ya wengine."

Alhamisi jioni kanisa lilijaa mpaka nje. Fabiola alikaa kati ya mama yake na Koko, kandambili mguu mmoja, bandeji mguu mwingine. Padri alianza kuosha. Miguu ilikuwa iking'aa kama vikombe vya sikukuu, na maji yalitoka kwenye beseni kama yalivyoingia. Alipofika kiti cha saba, maji yalibadilika rangi kidogo, maana Chris alikuwa amesugua usiku mmoja tu. Watu wa mbele walitabasamu. Fabiola alijaribu kutabasamu pia, lakini aliishia kuitazama bandeji yake. Kile kilikuwa kiti chake, na aliyekipoteza ni yeye mwenyewe.

Baada ya Misa, Koko alimsimamisha Padri mlangoni. Wazee wa Miti hawaogopi mapadri.

"Padri, nimetoka mbali kuona mujukuu wangu akioshwa miguu. Sikuona kitu."

"Ulichelewa siku moja, Koko," Padri Télesphore alijibu. "Wa kwako nilimwosha jana. Hawa wa leo wameletwa wameshaoshwa na mama zao. Mimi nimewalowesha tu. Mguu niliouosha kweli Pasaka hii ni ule wa Fabiola."

Koko akamtazama mjukuu wake, kisha akamshika mkono. Maman Mireille akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Padri akainama hadi uso wake ukawa sawa na wa Fabiola. "Lakini usitoke hapa ukidhani nimekupa zawadi kwa ajili ya uongo. Jana ulifanya vizuri kuja kusema, ingawa ulikuja ukiwa umechelewa wiki tatu. Mama yako ulimdanganya kwa tope la mabuti. Mimi ulitaka kunidanganya kwa mguu wa kulia. Sisi wawili ni rahisi kudanganyika, maana tunakupenda na tunakuamini. Je, funza alidanganyika?"

"Hapana, Padri."

"Yeye hakuuliza mabuti yana tope au hayana. Alitafuta mguu, akaukuta mtupu, akaingia. Ukimdanganya mtu kuhusu afya yako, mgonjwa unabaki kuwa wewe. Ugonjwa uonyeshe ungali mdogo, hata kama utaona haya. Haya hupita kwa siku moja. Kidole kikikatwa hakirudi."

"Nimesikia, Padri," Fabiola alisema, na safari hii alikuwa amesikia kweli.

Wiki mbili baada ya Pasaka, Sista Laurette aliondoa bandeji ya mwisho na kuruhusu kazi. Kesho yake nguruwe alipiga kelele kama kawaida. Fabiola aliyachukua mabuti, akayapiga-piga chini kuhakikisha hakuna kitu ndani, akayavaa. Hayakubana. Tena yalikuwa makubwa kidogo, ya kutosha mpaka mwakani.

Maman Mireille alipita na jagi la maji, akayatazama mabuti yenye tope. Kisha akatazama vizuri zaidi, akaona miguu ikiwa ndani yake, akaenda zake jikoni akiimba wimbo wa Pasaka.