Kufuli la Chumba cha Nyuma

Mshona nguo alikuwa akipachika kola ya sare ya shule. Mara akasikia wapangaji wake wakilalamika uani. Maji yamekatwa! Mita ya nyumba ni moja. Wote walikuwa wamelipa sehemu yao, isipokuwa kinyozi wa chumba cha nyuma.

"Leo atanitambua!" alisema mshona nguo.

Alibisha mlango wa kinyozi. Kimya. Akatia kufuli, akarudi kwenye cherehani.

Hata mkono mmoja wa shati hajaumaliza, moshi ukafuka kwenye dirisha la kinyozi.

"Jamani, kuna mtu humo!" jirani alipiga kelele.

Mshona nguo alikimbia. Funguo zilimponyoka mara mbili. Mlango ulipofunguka, alimkuta mama yake kinyozi, bibi asiyesikia vizuri, yuko sakafuni anakohoa. Sufuria ilikuwa imeungua jikoni.

"Nimesukuma mlango mpaka nimechoka," alisema bibi. "Nani kanifungia, mwanangu?"

Mshona nguo alikaa kizingitini, kufuli mkononi.

Yule jirani alikuwa karani wa mahakama. Alimtoa bibi nje apate hewa, kisha akamgeukia mshona nguo.

"Dada yangu, ungeua mtu kwa ajili ya bili."

"Sikujua! Sasa haki yangu niidai vipi?"

"Kwa notisi, si kwa kufuli. Andika jina lake, chumba, bili ya miezi ipi, na kiasi gani. Mpe siku za kulipa au kuhama, kama sheria na mkataba wenu vinavyosema. Tia tarehe na saini. Mkabidhi mbele ya shahidi, naye asaini nakala yako."

"Akikataa kusaini?"

"Shahidi ataandika kwamba amepewa."

"Na siku zikipita, nimtoe?"

"Hapana. Peleka nakala yako mahakamani, waamue wao. Ukifunga mlango au ukitupa vyombo vyake nje, mshtakiwa utakuwa wewe."

"He! Kwenye nyumba yangu mwenyewe?"

"Nyumba ni yako. Waliomo ndani ni watu."

Kinyozi alirudi jioni amefura kwa hasira. Mshona nguo alimwomba radhi kinyozi pamoja na mama yake. Kesho yake akampa notisi, karani akishuhudia.

Kinyozi aliisoma, macho yakamtoka.

"Miezi minne? Mimi nilidhani miwili!"

Alisaini. Kabla siku hazijaisha, alilipa yote. Maji yaliporudi, wapangaji walimpisha bibi akinge ndoo ya kwanza, na mshona nguo akamwinulia.