Printa Iliyojileta Yenyewe

Ndugu zangu mnaotumia kompyuta dukani, ofisini na nyumbani, tulieni niwasimulie yaliyoipata familia moja, maana nimechoka kuona watu wazima wakijitakia balaa.

Familia hiyo iliishi kwa amani. Chumba cha mbele kilikuwa duka lao la kuchapa: printa mbili, kompyuta moja, benchi la wateja na waifai ya kuwapoza wanaosubiri. Mume alichapa huku akipiga mluzi, mke akipokea wateja na kupanga karatasi zingali na joto.

Kompyuta yao ilitumia mfumo huria, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea na kutolewa bure. Aliyeuweka ni binamu wa mke, fundi wa kompyuta. Siku moja binamu akapiga simu. Kwenye programu ya kuchapia limegunduliwa tundu, akasema. Mtu akiwa mbali anaweza kujifanya printa, na ukimtumia kazi, umemfungulia mlango. Waliojitolea wamekwisha kuliziba. Kilichobaki ni kubofya kitufe cha kusasisha.

Mke akamfikishia mumewe. Mume akasema sawa, baadaye.

Alikuwa na kisa chake. Mwaka uliotangulia alisasisha, pambizo zikahama, kadi za harusi zikatoka jina la bwana harusi limekatwa nusu. Tangu hapo kila ilani ilipochomoza kwenye kioo, alibofya "Nikumbushe baadaye" bila hata kuisoma, kama anayefukuza nzi. Mke alisema wakila, akasema wakifunga duka, akasema mpaka akajichosha mwenyewe. Binamu naye alipiga simu tena na tena. Hebu niambieni: kitu cha bure, kimekwisha kutengenezwa, kiko mlangoni, unashindwaje kukiingiza ndani?

"Mashine inapiga kazi," mume alisema. "Ya nini kuichokoza?"

Basi akaja mdogo wake mke, mwalimu aliyesimamia mitihani shuleni kwake. Mashine ya shule ilikuwa imeharibika, naye angempelekea nani mtihani wa kufunga muhula kama si shemeji yake? Akasimama palepale kaunta, macho hayabanduki.

Benchi lilikuwa limejaa, na printa zote mbili zina kazi za watu. Mnajua wachapaji walivyo wakibanwa: kazi hutupwa kwenye printa yoyote iliyo wazi. Mume akafungua orodha, akaona printa ya tatu, haina foleni. Akadhani binamu ameunganisha kitu. Moyo ukamtulia, akautuma mtihani huko. Kimya. Akautuma tena.

"Umetuma wapi?" mke akauliza.

"Kwenye hii mpya."

"Mpya ipi, baba watoto? Humu ndani mna printa mbili."

Mume akageuka kulia, akageuka kushoto, kisha akacheka, eti kompyuta imechanganyikiwa. Akauchapa kwenye printa ya zamani. Mke alitaka kuuliza zaidi, lakini wateja walikuwa wanalalamika, akarudi kuwahudumia. Mwalimu akakusanya hata karatasi zilizoharibika, akahakikisha mtihani umefutwa kwenye kompyuta, akaaga kwa furaha.

Asubuhi ya mtihani, maswali yote yalikuwa kwenye simu za wanafunzi. Na pale shuleni, mtihani ulikuwa umepita mikononi mwa mwalimu huyo peke yake.

Binamu akaitwa. Aliikagua kompyuta, akashusha pumzi. Ile printa haikuwa printa. Aliyejificha nyuma yake aliingia kupitia tundu lilelile, akauchukua mtihani na kuusambaza. Binamu akaongozana na mwalimu hadi kwa mkuu wa shule, akaeleza yote. Mkuu alisikiliza, akakubali kwamba mwalimu hakuuza mtihani. Lakini ulitoka shuleni kwa mkono wake, akasema, na bodi ya shule imekwisha kuamua. Mwalimu alifukuzwa kazi.

Waliporudi dukani, binamu alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Alivuta kiti, akabofya kitufe. Wote wanne wakatazama mstari mdogo ukijaa kwenye kioo. Chai aliyomiminiwa binamu ilikuwa bado haijapoa ulipofika mwisho.

"Dada," mwalimu akauliza, "ndiyo imekwisha?"

"Imekwisha."

"Ni hiyo tu?"

Mume akaanza, "Shemeji, mimi..." Mwalimu akachukua mkoba wake, akapita katikati yao, akaondoka.

MAFUNZO

Ndugu zangu, watu tusiowajua hukesha wakiziba matundu kwenye programu zetu, wala hawatuombi hata asante. Lakini hawawezi kuingia dukani mwako wakabofya kwa niaba yako. Sasisho likikuvurugia kazi, mwite fundi alirekebishe, usilisuse. Na kifaa usichokijua kikijitokeza kwenye kompyuta, uliza kimetoka wapi kabla hujakipa siri ya mtu. Mwenye duka yule anaendelea kuchapa mpaka leo, na mashine yake ni nzima. Aliyepoteza kazi ni mwalimu, ambaye hakuwa hata na kitufe cha kubofya.