Kochi la Ambilikile

Kochi halikupita mlangoni. Mwenye akili angelirudisha. Ambilikile akavunja ukuta, akaliingiza, akajenga tena.

Alilipata mnadani, mwaka ule mashamba ya chai yalipouzwa na nyumba za mameneja zikakombwa hadi mapazia. Sebule yake pale Kawetele ilikuwa hatua nne kwa tatu. Kochi lilikuwa la watu watano wanene. Meza ikahamia jikoni. Wageni wakawa wanaingia ubavu ubavu. Mkewe, Atuganile, akalifumia vitambaa vyeupe kumi na viwili, akasimamisha maua ya plastiki, na majirani waliobanwa ukutani kama kunguni wakasema sebule imependeza.

Kisha kitambaa cha kona ya dirishani kikaanza kubonyea. Kila mchana Atuganile alikikuta kina joto la makalio, na chumba kinanuka mbuzi aliyenyeshewa.

Siku moja akasikia kikohozi cha mwanaume, akaona nyayo kubwa mbele ya kochi. Kwetu mke hamtazami baba mkwe. Atuganile akajitanda kanga usoni, akarudi jikoni kinyumenyume.

Jioni akamwambia mumewe, "Mzee amekuja leo."

"Si nilikwambia? Kafuata kochi! Kule kwake Masukulu anakalia kigoda. Mpe chai, mwachie na mjukuu wake."

Lijinga la mume likavimba kichwa. Basi kila mchana Atuganile alisukuma sinia mlangoni bila kuinua macho, akamwacha Lusungu, mwanawe wa miaka miwili, apande kochini. Sinia lilirudi tupu, hata mifupa haikubaki.

Mvua ya mwezi wa nne, anamenya viazi jikoni, akasikia sauti uani.

"Mama Lusungu! Nimeleta ndizi, naziacha hapa. Mjukuu wangu hajambo? Sijamwona tangu Krismasi."

Ilikuwa sauti ya baba mkwe wake, mzee Anyosisye. Na sebuleni mtu akakohoa.

Atuganile akatupa kisu, akakimbia bila kanga kichwani, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akainua macho sebuleni, akamwona mwanawe ameketi juu sana, karibu na dari, kwenye paja la kitu ambacho magoti yake yaligusa ukuta wa pili na mabega yake yalijaza kochi lote la watu watano, nacho, kwa kuwa kilikuwa na adabu kuliko mumewe, kilipomwona kikageuza uso taratibu kikautazama ukuta.

Akamvuta mtoto mguu, akapiga yowe.

Ambilikile alipotoka kazini alimkuta baba yake uani, jembe mkononi.

"Vunja ukuta. Litoke."

"Tata, kochi la meneja!"

"Basi ingia ukalikalie."

Hakuingia. Akavunja. Wakalichoma bondeni, vitambaa na maua yake. Ukuta ukajengwa, meza ikarudi, na yeye akaanza kuwaambia watu kwamba tangu mwanzo hakulipenda.

Wiki mbili sebule ikanuka sabuni tu. Siku ya kumi na tano, mchana, Atuganile anafagia uani, akasikia kikohozi.

Akachungulia. Lusungu alikuwa kona ya dirishani, lilipokuwa kochi, ameketi vizuri, miguu inaning'inia, na chini yake hapakuwa na kitu hadi sakafuni.

"Mama," mtoto akasema, "babu anataka chai."

Atuganile akajitanda kanga, akainama.