Safu ya Tano ya Mizabibu

Babu alifariki Jumatano, kati ya chai ya asubuhi na kengele ya shule. Kijiti alikuwa ameshafagia uwanja na kuvaa viatu, akaingia kumuaga kama kawaida yake. Babu alikuwa ameegemea kiti chake, kikombe kimepoa mkononi. Siku ile Kijiti hakwenda shule.

Jina la Kijiti alipewa na Babu mwenyewe, kwa wembamba wake, na kwa kuwa tangu ana miaka sita aliokota vijiti nyuma ya mkasi wa Babu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na safu tano za mizabibu, imetandazwa juu ya waya kati ya nguzo za mbao. Kila baada ya mavuno Babu aliipogoa. Sasa Kijiti alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Waombolezaji walipoondoka, Baba Mdogo, ambaye ni fundi mwashi, alisimama mlangoni akatazama shambani.

"Mama, hii mizabibu tuing'oe," alimwambia Bibi. "Mimi najua matofali. Mzabibu usiopogolewa ni kichaka tu, na aliyejua kuupogoa ndiye tumemzika."

"Mimi naweza," Kijiti akadakia.

"Wewe? Mkasi wenyewe umekuzidi uzito!"

"Baba Mdogo, nimemfuata Babu miaka saba. Mkono mkubwa wa mzabibu unauacha ulale kwenye waya. Tawi lililokwisha kuzaa unalikata, unabakiza kisiki chenye macho mawili. Machoni hapo ndipo yanapochipuka matawi mapya, na zabibu hutoka kwenye matawi mapya tu."

Baba Mdogo alicheka, kicheko cha kwanza nyumbani mle tangu Jumatano ile. "Haya, fundi. Msimu mmoja. Isipozaa, nakuja na shoka."

Jumamosi Kijiti alianza kazi. Aliyezoa matawi alikuwa binti wa jirani, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyepata kumzima. Safu ya kwanza iliwachukua asubuhi nzima. Ya pili ilikwenda haraka zaidi. Kijiti alikata, akarudi hatua mbili nyuma, akatazama, akakata tena. Kiganja kilitoka malengelenge, lakini mkono haukusita.

Ulisita kwenye safu ya tano. Hapo ndipo Babu alipofanya kazi mara ya mwisho. Kila tawi alilifunga kwenye waya kwa kitambaa cha shati lake kuukuu la buluu, kwa fundo lake lile dogo la kukaza. Kukata matawi yale kulimaanisha kukata mafundo yale. Kijiti aliinua mkasi mara tatu, mara tatu akaushusha.

"Vipi, fundi, betri imekwisha?" Redio akamtania.

"Hii tunaiacha."

Jioni Bibi aliuliza, "Umemaliza, mjukuu wangu?"

"Nimemaliza zote, Bibi."

Bibi alimwamini. Goti lilikuwa limemvimba, hakuwa akifika shambani.

Baada ya wiki mbili safu nne zilichipua. Machipukizi yaliponyooka, Kijiti aliyaelekeza juu, akayafunga kwenye waya wa pili ili jua na upepo vipite. Vikatokea vichala vichanga, vidogo kama shanga. Lakini safu ya tano ilikuwa msitu. Majani yalibanana, jua halikupenya, na siku moja Kijiti aliona unga mweupe juu ya majani, kama mtu amemwaga poda. Ulikuwa ukungu. Majani matatu ya safu ya nne nayo yalikuwa yameanza kuwa meupe.

"Kesho Baba Mdogo anakuja kukagua," alisema Redio, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini. "Tuikate sasa hivi, tufiche majani. Nani atajua?"

"Ukungu ukishaingia safu zile nne, kila mtu atajua. Na sijui dawa yake. Anayejua ni Bibi."

Alikwenda moja kwa moja jikoni. "Bibi, nilikudanganya. Safu ya tano sikuigusa. Sasa ina ukungu."

Bibi alichukua fimbo yake, akashuka shambani polepole, mara ya kwanza tangu mazishi. Alishika fundo moja la buluu, akakaa nalo kidogo.

"Shati hili nililichana mimi," alisema. "Na kila mwaka Babu yako alikata mafundo yake yote bila huruma, akafunga mapya. Nipe mkasi."

Alikata fundo la kwanza, akamrudishia Kijiti mkasi. Walikata safu yote, wakachoma majani mbali na shamba, wakachuma majani yenye ukungu ya safu ya nne na kunyunyiza unga wa salfa.

Baba Mdogo alipofika kesho yake, Kijiti alimweleza yote kabla hajaulizwa. Baba Mdogo alitazama safu iliyobaki visiki, kisha zile nne zenye vichala. "Shoka nimeliacha nyumbani," alisema. "Tungoje."

Bibi alimvuta Kijiti karibu. "Nikikuuliza umemaliza, nataka ukweli, hata kama ni mbaya. Neno lako ndilo linaloniwezesha kulala. Na kumpenda Babu yako si kuacha vitu kama alivyoviacha. Ni kuifanya kazi yake jinsi alivyoifanya."

Msimu ule safu nne zilizaa vizuri, vichala vizito vya kushika kwa mikono miwili. Safu ya tano haikutoa kitu. Ilizaa msimu uliofuata. Baba Mdogo amebadilisha nguzo mbili zilizooza. Siku hizi, kila baada ya mavuno, Kijiti ndiye anayepogoa safu zote tano.