Mluzi wa Mia na Thelathini

Likienda kilomita mia na ishirini kwa saa, gari lile lilikuwa kimya. Likifika mia na thelathini tu, pembe ya juu ya kioo cha mbele, upande wa dereva, ilianza kupiga mluzi. Utasema ni upepo. Hata fundi Ottmar alisema ni upepo, na yeye kabandika vioo vya magari hapo mjini Kassel miaka thelathini.

"Upepo haujui wimbo, fundi," Silke, binti wa mwenye gari, alinong'ona. "Huo ni wa baba, ule ule wa kila asubuhi akinyoa ndevu. Tumemzika Februari. Sasa mama kila siku anaingia barabara kuu kumsikiliza. Anasema akiongeza kasi anamsikia vizuri zaidi. Jana kafika mia na tisini! Ataniachia maiti ya pili."

"Basi, binti, usilie. Kioo ni kioo."

Haya. Mimi najua marehemu hapigi mluzi. Kinachoiga mluzi wa marehemu kina jina lake, na sikitaji asubuhi hii.

Mama mtu alikuwa saluni, kwa hiyo walikuwa na saa moja. Ottmar akaziba ukingo wote wa kioo kwa selotepu ya karatasi. Ndiyo desturi ya kazi: mluzi ukinyamaza, unabandua kipande kimoja kimoja mpaka urudi, na hapo ndipo penye tundu. Silke akashika usukani. Mia na ishirini, kimya. Mia na thelathini, mluzi huo, tena mtamu kuliko mwanzo.

"Nje nimeziba kote," Ottmar akasema. "Sasa unatoka wapi?"

Akachukua kipande cha mpira mwembamba wenye tundu, ambacho mafundi wa vioo husikilizia: ncha moja sikioni, nyingine unaitembeza kandokando ya kioo. Akaanzia chini, akapanda ubavuni, na kila alipoikaribia ile pembe, ndani ya gari kukazidi kunuka sabuni ya kunyolea, Silke nywele zikamsimama, malori yakabaki nyuma moja baada ya jingine, mkono wa Ottmar ukawa haurudi nyuma, maana fundi haachi kazi njiani, mpaka ncha ya mpira ikagusa pembe yenyewe, na mluzi ukakatika katikati ya wimbo.

"Fundi?"

"Umekwisha." Ottmar akachomoa mpira sikioni, taratibu.

Silke akajaribu mia na arobaini, kisha mia na hamsini. Hakuna kitu! Akacheka, akalia, akapiga usukani kwa furaha.

"Mungu akubariki, fundi! Nilishamwona mama kwenye jeneza."

Waliporudi karakana, Ottmar akabandua selotepu yote. Kisha akainama kwenye kioo cha pembeni, akajipapasa kidevu kwa muda mrefu.

"Lete ufunguo. Anni nitamfuata saluni mwenyewe."

Silke akampa, ndipo akaganda. Mtaa mzima humwita mama yake Bibi Vollmer. Aliyemwita Anni alikuwa mtu mmoja tu, marehemu mumewe.

"Fundi... jina hilo umelipata wapi?"

Ottmar aliingia garini, akafunga mlango, akawasha. Kisha akaanza kupiga mluzi, kuanzia pale pale wimbo ulipokatikia.